Hoteli Kongwe za Zanzibar na Boriti za Rufiji

Hoteli nyingi kongwe za Mji Mkongwe wa Zanzibar hazikujengwa ziwe hoteli. Moja ilikuwa jumba la tajiri wa Kihindi, nyingine nyumba ya Mwarabu wa ukoo wa Harthi, nyingine ofisi ya konseli wa Marekani, nyingine klabu ya Waingereza. Mgeni akipokewa leo huonyeshwa mlango wa nakshi, kitanda cha samadari, kasha la njumu za shaba na vioo vya rangi juu ya madirisha. Ni mara chache anaambiwa atazame juu. Dari ya chumba chake imebebwa na safu ya magogo membamba, yamekaa karibu karibu kutoka ukuta hadi ukuta. Hizo ndizo boriti. Chimbuko lake kuu lilikuwa tope la delta ya Mto Rufiji, eneo ambalo sasa liko katika Wilaya ya Kibiti, mkoa wa Pwani.

Katika nyumba hizi boriti ndiyo kitu cha kale kuliko samani zote. Kitanda hununuliwa mnadani, mlango huhamishwa kutoka nyumba nyingine, vioo hubadilishwa. Boriti iliingia ukutani siku ukuta unajengwa, na ikitoka nyumba hubomoka. Kwa hiyo anayetaka kujua historia ya hoteli hizi aanzie msituni.

Delta na miti yake

Rufiji ni mto mkubwa kuliko yote ya Tanzania. Ukikaribia bahari, mkabala na kisiwa cha Mafia, hugawanyika kuwa matawi mengi yenye majina yake: Simba Uranga, Kikunja, Kiomboni na mengineyo. Katikati ya matawi hayo vimetawanyika visiwa vya tope ambavyo maji huvifunika na kuviacha mara mbili kila siku. Mikoko ya hapa inafunika zaidi ya hekta 50,000, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara. Tangu 2004 eneo zima la Rufiji, Mafia na Kilwa limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mji wa Kibiti wenyewe uko bara, kwenye barabara kuu iendayo Lindi. Kutoka huko, njia ya kwenda delta hushukia Nyamisati, ambako vyombo vya Mafia hupakia abiria, na kutoka hapo ni safari ya mtumbwi au mashua hadi Salale, Mbwera na vijiji vingine.

Watu wa delta hawaiti miti hii yote kwa jina moja. Mkoko wenyewe ndio ule wenye mizizi mirefu iliyopinda hewani kama miguu ya kaa. Msinzi hukua mrefu na mnyoofu. Mkandaa ni mwembamba, mgumu, na gome lake lina rangi nyekundu ya kutia ngozi. Mchu huota pembezoni mwa maji na huchipua tena ukikatwa. Mlilana hukaa mbele kabisa, uso kwa uso na bahari. Mkomafi hutoa mbao nzuri za samani, na msikundazi hupenda sehemu za ndani ambako maji ya mto huzidi ya chumvi. Kwa dari za mawe, mafundi walitaka mkoko, msinzi na mkandaa. Mbao zake ni nzito kiasi cha kuzama majini, na tanini iliyojaa ndani yake huwachosha mchwa na wadudu wengine watobozi.

Sokoni miti hupangwa kwa unene. Myembamba kabisa ni fito, za kujengea kuta za udongo na makuti. Zikizidi kidogo ni pau. Kisha boriti, zenye unene wa sentimita 10 hadi 15 hivi, na juu yake nguzo. Huhesabiwa kwa korija, yaani vipande 20, na hesabu hiyo ilikuwa ileile Salale, Zanzibar na hata Ghuba.

Kazi ya kuikata ilikuwa, na bado ni, kazi ya shoka na miguu mitupu. Mkataji huingia maji yakitoka na hutakiwa awe amemaliza kubeba kabla hayajajaa. Mti hauwezi kuachwa uelee hadi mtoni kama magogo ya misitu mingine, kwa sababu huzama. Hupakiwa mtumbwini kipande kwa kipande, katikati ya mbu, na mtumbwi hupigwa upondo katika vijito vyembamba mpaka ulipo mdomo mpana ambako jahazi limetia nanga. Sifa za nyumba za mawe zimeandikwa kwa majina ya masultani na matajiri. Wakataji hawa, Wanyagatwa na Wandengereko na Warufiji wengine wa delta, hawatajwi katika kijitabu chochote cha hoteli nilichowahi kukishika, na kwangu hilo ni pengo kubwa kuliko kukosea mwaka wa mlango.

Boriti ilivyoamua upana wa chumba

Ukilala katika chumba cha kale cha Mji Mkongwe utaona ni kirefu lakini hakina upana. Mkoko wa unene unaofaa hutoa kipande kilichonyooka cha mita 3 au zaidi kidogo. Ondoa sehemu zinazozama ukutani pande zote mbili, na nafasi inayobaki ni kati ya mita 2.5 na 3. Urefu wa chumba hauna kikomo hicho, maana fundi anaongeza boriti nyingine kando ya ile ya kwanza, na nyingine tena. Tajiri aliyetaka kuonyesha mali aliongeza urefu, akaongeza kimo, akaongeza idadi ya vyumba kuzunguka ua wa ndani. Upana ulibaki palepale kwa tajiri na kwa maskini aliyeweza kujenga kwa mawe.

Kanuni hiyo inaenea mbali. Nyumba za Lamu, Mombasa na Kilwa zinaifuata, na ng'ambo ya bahari zinaifuata nyumba za zamani za Muscat, Bahrain na Kuwait, ambako hakuna miti mirefu ya kujengea na boriti za Afrika Mashariki zilikuwa bidhaa ya lazima. Mtu wa delta akipelekwa katika jumba la makumbusho la Kuwait angeitambua dari.

Kipimo hiki husaidia pia kukadiria umri. Ukikuta ukumbi mpana wa kulia chakula hotelini, tafuta moja ya mambo matatu: safu ya nguzo au matao katikati, alama ya ukuta uliobomolewa, au mihimili ya chuma. Chuma kilianza kuingia majumba makubwa ya Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19. Beit el Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lina nguzo za chuma zilizotoka Ulaya na vibaraza vipana ambavyo mikoko peke yake isingeviruhusu. Chumba chembamba chenye boriti mara nyingi ni sehemu ya kale zaidi ya jengo, hata kama leo ndicho chumba cha bei nafuu.

Dari yenyewe ilijengwa hivi. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zilipandishwa zikiwa na unene wa nusu mita au zaidi. Zilipofika kimo cha ghorofa, boriti zililazwa juu yake, vichwa vikiwa ndani ya ukuta. Juu ya boriti vilipangwa vipande bapa vya mawe ya matumbawe, kisha kifusi na chokaa vikamwagwa na kupigiliwa kwa virungu vya mbao na kundi la watu waliokwenda kwa mapigo ya wimbo, siku baada ya siku, mpaka sakafu ikabana na kung'aa. Chokaa hiyo ilichomwa kutokana na matumbawe kwenye tanuu za wazi, na mara nyingi kuni zake zilikuwa mikoko vilevile. Katika vyumba vya kupokelea wageni boriti zilichongwa pembe nne na kutiwa rangi. Lamu walipenda nyekundu na nyeusi. Za ghala na jikoni ziliachwa mviringo.

Hoteli na yaliyomo

Mtaa wa Hurumzi una jumba linalojulikana leo kama Emerson on Hurumzi. Linahusishwa na Tharia Topan, mfanyabiashara wa Kiismailia kutoka Kutch aliyesimamia forodha ya Zanzibar na kuwa miongoni mwa watu matajiri kabisa wa pwani. Ndiye pia aliyeanzisha ile zahanati maarufu ya ufukweni yenye roshani za mbao zilizochongwa, iliyowekewa jiwe la msingi mwaka 1887 na kumalizika 1894 baada ya kifo chake. Jumba la Hurumzi lina historia nyingine nzito. Baada ya amri ya 1897 iliyofuta utumwa kisheria Zanzibar, Waingereza walilitumia kulipa fidia. Waliolipwa ni waliokuwa wakimiliki watumwa. Watumwa wenyewe hawakulipwa kitu. Nyumba za mawe zilijengwa kwa mali ya karafuu, pembe na watu, na mikono ya watumwa ndiyo iliyobeba mawe na kupigilia sakafu. Hoteli inayoonyesha uzuri wa jumba kama hili ina wajibu wa kusema na hilo, tena kwa sauti ileile.

Nyumba hii ilipata uhai mpya kutokana na Emerson Skeens, Mmarekani aliyehamia Zanzibar na kuwa miongoni mwa wa kwanza kuamini kwamba mgeni angelipa kulala katika nyumba ya kale ikiwa imebaki ya kale: vitanda virefu vya samadari, vioo vya rangi, bafu za chokaa, ngazi za mwinuko mkali. Juu ya paa kuna mahali pa kulia chakula kwa kuketi chini, na kutoka hapo mapaa ya mabati ya mji mzima yanaonekana. Mabati hayo nayo ni sehemu ya historia ya boriti. Mapaa ya kwanza yalikuwa bapa, ya chokaa, na yalivuja; kuyaezeka kwa mabati yaliyoinama kuliokoa dari nyingi zisioze.

Mambo Msiige, ukingoni mwa Shangani, ilijengwa kati ya 1847 na 1850 na Sheikh Salim bin Bushir al-Harthi. Masimulizi ya mjini husema chokaa yake ilichanganywa na mayai ili ing'ae. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA waliikalia kuanzia 1864, na kuanzia 1874 ikawa ofisi ya konseli wa Uingereza, kisha hospitali ya Wazungu hadi 1924, kisha ofisi za serikali kwa miaka mingi. Mwaka 2015 ilifunguliwa kama hoteli ya Park Hyatt. Kuta nene, ua wa ndani na milango mizito vimehifadhiwa katika sehemu ya zamani. Ubishi ulizuka kuhusu jengo jipya lililosimamishwa kando yake: Kamati ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ilieleza wasiwasi juu ya ukubwa na kimo chake ndani ya mji uliotambuliwa kuwa urithi wa dunia mwaka 2000. Ubishi huo una mzizi katika kipimo nilichokieleza. Jengo la boriti lina mwendo wake: madirisha hufuata vyumba, na vyumba hufuata mti. Jengo la zege halibanwi na mti, na likisogezwa kando ya lile la kale tofauti huonekana hata kwa asiyejua sababu.

Tembo House Hotel, kwenye ufuo uleule, iliwahi kuwa ofisi ya konseli wa Marekani na baadaye mali ya kampuni ya Cowasji Dinshaw. Wamarekani walitia saini mkataba na Sultani Said mwaka 1833, na konseli wao wa kwanza, Richard Waters wa Salem, alifika 1837. Waliuza kitambaa, ambacho mpaka leo tunakiita merikani, na kununua pembe na sandarusi. Zanzibar Serena nayo ilikuwa nyumba ya kampuni ya simu za maandishi, zilizopita kwenye waya wa baharini uliofika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879. Taasisi ya Aga Khan ndiyo iliyoikarabati katika miaka ya 1990.

Africa House ilikuwa klabu ya Waingereza, iliyoanzishwa 1888, mojawapo ya klabu za Kizungu za mwanzo Afrika Mashariki. Mwafrika aliingia kama mtumishi. Baraza lake la ghorofani linatazama magharibi, na watu hujaa hapo jua linapotua. Wanachama wa klabu hiyo walikuwa na sababu ya kulijua jina la Rufiji mwaka 1914. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba, manowari ya Kijerumani Königsberg ilitokea mbele ya mji na kuizamisha HMS Pegasus ya Waingereza iliyokuwa imetia nanga kwa matengenezo. Kisha ikarudi kujificha katika matawi ya Rufiji, maeneo ya Salale, ambako mikoko ile ile ya boriti iliifunika kwa miezi. Waingereza walilazimika kuleta manowari mbili za maji mafupi, Severn na Mersey, na Königsberg iliangamizwa Julai 1915. Mizinga yake iliokolewa na Wajerumani ikaburutwa vitani bara. Mmoja upo Fort Jesus, Mombasa, na mwingine Pretoria.

Safari ya boriti

Biashara yenyewe iliendeshwa na pepo. Majahazi ya Oman, Kuwait na Uajemi yalishuka na kaskazi yakileta tende, mazulia na papa mkavu, yakakaa pwani miezi kadhaa, kisha yakapandisha na kusi kuanzia Aprili yakiwa yamejaa boriti hadi kwenye mbavu. Zanzibar, iliyokuwa karibu zaidi, ilipelekewa na mashua na majahazi madogo. Wajerumani walipochukua nchi waliona thamani ya msitu huu upesi sana: delta ya Rufiji ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza kutengwa kuwa hifadhi ya msitu, mwaka 1898, na wakawa wakisafirisha pia magome ya mikoko kwa viwanda vya ngozi vya Ulaya.

Mwaka 1939 mwandishi na baharia wa Australia, Alan Villiers, aliingia delta ndani ya jahazi la Kikuwaiti, Bayan, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi. Kitabu chake Sons of Sindbad, kilichotoka 1940, kimeeleza kwa urefu upakiaji wa boriti hapo: joto, tope, mbu, homa za mabaharia, na vipande maelfu vilivyopangwa mkono kwa mkono ndani ya tumbo la chombo. Miaka michache baadaye mafuta yalibadilisha Ghuba. Saruji na chuma vikaingia, na soko lile la kale likakauka. Mwaka 1987 Tanzania ilisimamisha ukataji wa mikoko, na mpango wa kuisimamia ukakamilika 1991. Siku hizi msitu uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na ukataji unahitaji kibali.

Kinachoharibu na kinachookoa

Boriti haiozi katikati. Huoza kichwani, sehemu iliyozama ukutani. Maji ya mvua yakipenya ukuta, au bomba la bafu jipya la hoteli likivuja, unyevu hukusanyika kwenye shimo la boriti na mbao hulainika bila kuonekana. Dari hushuka kidogo, ukuta huanza kutokeza nje, ufa hutokea kwenye kona. Hoteli zina hatari ya pekee hapa, kwa sababu kila chumba sasa kina bafu lake, na nyumba ya zamani haikujengwa ibebe maji juu ya kila ghorofa.

Adui wa pili ni saruji. Chokaa huruhusu ukuta kupumua. Unyevu ulioingia hutoka. Plasta ya saruji huufungia ndani pamoja na chumvi, na kichwa cha boriti hulowa mwaka mzima. Wapo pia waliong'oa boriti na kumwaga zege lenye nondo. Uzito wake unazidi ule ambao ukuta wa matumbawe ulizoea, na chumvi ya baharini hushambulia nondo mpaka zikavimba na kupasua zege. Kuanguka kwa sehemu ya Beit el Ajaib tarehe 25 Desemba 2020, wakati wa ukarabati, na vifo vya watu wawili, kuliwakumbusha wenye majengo yote kwamba kazi hii si ya kubahatisha. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyoundwa 1985, hutaka kibali kwa mabadiliko ya namna hiyo. Hata hivyo, jicho la mwenye hoteli ndilo lililopo ndani kila siku, na dari ya jipsamu iliyobandikwa chini ya boriti kwa ajili ya nyaya na viyoyozi hulifumba jicho hilo kabisa. Ningeipiga marufuku katika kila jengo la kale.

Tiba iliyo sahihi inajulikana na mafundi wa mji. Dari huegemezwa kwa nguzo za muda, shimo hufunguliwa, boriti moja hutolewa na nyingine huingizwa, kisha shimo hujazwa kwa mawe madogo na chokaa. Hufanywa moja baada ya nyingine, ukuta ukipewa muda wa kutulia.

Hapo ndipo hoteli hurudi Kibiti. Zanzibar ina mikoko yake Chwaka na Pemba, lakini haijawahi kutosha kwa mji wa mawe. Na mkoko hauna haraka: tofauti na mchu, shina lake likikatwa halichipui tena. Huzaa mche unaoota ukiwa bado juu ya mti mama, kisha hudondoka na kujichomeka topeni, na mche huo huhitaji miongo kufikia unene wa boriti. Sehemu za kaskazini ya delta zimefyekwa kwa ajili ya mpunga, kwa sababu watu wanahitaji kula na maji baridi ya mto huruhusu kilimo hicho. Mkulima huyo atauacha msitu usimame ikiwa boriti halali itamlipa vizuri kuliko gunia la mpunga. Hoteli inayotoza mgeni bei ya historia inaweza kumlipa bei hiyo, kwa kununua boriti yenye kibali kutoka kijiji kinachojulikana na kuandika jina la kijiji hicho katika kumbukumbu za ukarabati wake, mahali palepale panapoandikwa jina la aliyechonga mlango.